Mbegu za kwetu na asili ya chakula chetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwenye mikutano ya wakulima, kwenye mabanda ya Nane Nane pale Ngongo, vijiweni, na kwa watu wanaopiga simu usiku baada ya kufungua debe na kukuta mbegu imegeuka unga. Mengi ni ya uwanda wa Makonde, Masasi, Nachingwea na Ruangwa. Yamepewa namba ili jibu likishatolewa lisirudiwe. Utaelekezwa tu lilipo.

## Asili ya vyakula

1. Mbegu ya asili ni ipi hasa?

Kwa wengi ni ile isiyotoka dukani: ya bibi, ya jirani, ya kubadilishana. Hapa pia neno linatumika hivyo. Ila kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni mahali mmea ulipotolewa porini ukafanywa zao. La pili ni mahali aina fulani ya zao hilo ilipochaguliwa mpaka ikawa ilivyo.

Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Lakini muhogo unaokubali mchanga wa Tandahimba, ukavumilia kiangazi cha nusu mwaka na bado ukapikika vizuri, haukushuka melini ukiwa hivyo. Ulichaguliwa huku, pingili kwa pingili, na watu ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Mtu akikwambia kwamba mbegu yako si ya asili kwa sababu muhogo ni wa Brazili, anazungumzia jambo la kwanza. Wewe unazungumzia la pili, na nyote mna haki.

2. Kwa hiyo korosho, muhogo na mahindi si vya kwetu?

Kwa jambo la kwanza, si vya kwetu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, pwani hii yote haikuwa na muhogo, haikuwa na mahindi, wala mkorosho mmoja. Mazao hayo yalikuwa bado ng'ambo ya Atlantiki na hayakuvuka mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492.

Mkorosho ni wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Wareno waliuleta upande huu wa Afrika karne ya 16, na hata jina kanju, ambalo wazee wengine bado wanalitumia, linafuata caju ya Kireno, ambayo nayo Wareno waliichukua kwa wenyeji wa Brazili. Nanasi lina safari ya namna hiyohiyo, zao pamoja na jina. Mahindi ni ya Mexico, ambako watu waliyatoa kwenye jamii ya nyasi yapata miaka 9,000 iliyopita. Jina letu linayasingizia Uhindi. Mbaazi ndizo za India kweli, na ufuta pia. Embe ni la Asia ya Kusini, ndizi ni za Asia ya Kusini Mashariki na New Guinea.

Karanga ina kisa kinachopendeza zaidi. Asili yake ni maeneo ya Bolivia na kaskazini mwa Argentina. Ilipofika huku ilikuta watu wanalima njugu inayozaa ardhini, nayo ikapewa jina la mwenyeji wake: njugu nyasa. Mwenyeji akabaki njugu mawe. Baadaye mgeni akawa mkubwa kiasi kwamba Waingereza, kati ya 1947 na 1951, walifyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa ajili yake na kupoteza mamilioni ya pauni. Bandari ya Mtwara tunayoitumia leo ilijengwa kwa sababu ya karanga hizo ambazo hazikuvunwa kama walivyotarajia. Njugu mawe haikuwahi kufyekewa pori na serikali yoyote.

3. Basi cha Afrika ni kipi?

Ni vingi, ila vimekaa nyuma ya sahani. Mtama ulianza kulimwa Sudan ya mashariki, kiasi cha miaka 5,000 iliyopita. Uwele ni wa ukanda wa Sahel. Ulezi ni wa nyanda za juu kati ya Ethiopia na Uganda. Kunde, njugu mawe, tikitimaji na kahawa vyote ni vya bara hili. Ongeza viazi vikuu vya Afrika Magharibi, na jamaa yao wa porini tunayemchimba wenyewe, ming'oko (swali la 22).

4. Nani aliyegundua mazao yalitoka wapi?

Wengi, lakini jina linalotangulia ni Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi. Alizunguka dunia akikusanya mbegu, Ethiopia akiifikia 1927, na akaona kwamba zao huwa na aina nyingi zaidi pale lilipolimwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1926 alichapisha hoja yake kuhusu vitovu vya asili vya mazao. Waliomfuata wameirekebisha sana, lakini kazi ya kutafuta kitovu inaendelea, siku hizi kwa kupima vinasaba na kuchunguza punje zilizoungua katika majivu ya kale.

Vavilov mwenyewe alikamatwa 1940 na akafa gerezani Saratov Januari 1943, akiwa amedhoofika kwa njaa. Wakati huohuo wenzake walikuwa wamezingirwa Leningrad na jeshi la Ujerumani pamoja na mkusanyo wake wa mbegu. Kadhaa kati yao walikufa kwa njaa, mmoja akiwa ndiye mlinzi wa mpunga, wala hawakuzila. Nikilisimulia hili kijijini kuna mama huwa anauliza, "Na watoto wao je?" Swali lake ni zito kuliko majibu yangu.

5. Kujua asili kunanisaidia nini mimi mkulima?

Adui wa zao mara nyingi hutoka lilikotoka zao, na adui wa huyo adui pia hukaa hukohuko.

Mwaka 1973 kidung'ata wa muhogo, mdudu mdogo anayefyonza maji ya mmea, alionekana Kongo. Alikuwa mgeni, hakuna wa kumla, akaenea Afrika nzima akikausha vichomozo vya muhogo. Watafiti wakarudi Amerika ya Kusini kumtafuta kwao. Mwaka 1981 wakampata Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani yake. Nyigu huyo akaletwa Afrika na kuachiliwa nchi kwa nchi, na kidung'ata akashuka. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Mkulima hakununua dawa hata kopo moja.

Dumuzi, ambaye wengine walimbatiza Scania, naye alitoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Anatoboa mahindi, anatoboa makopa, hata mbao za kihenge anazijaribu. Kwao ni mdudu wa kawaida wa msituni.

## Kwa nini aina nyingi

6. Nina aina moja inayozaa vizuri. Kwa nini nihangaike na nyingine?

Kwa sababu ugonjwa ukiipenda hiyo moja, umelipenda shamba lote. Marekani iliwapata 1970: mahindi chotara mengi mno yalikuwa yametokana na mama wa ukoo mmoja, ukungu ukaujua ukoo huo, na kiasi cha asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima yakapotea msimu mmoja.

Kwetu mfano uko kwenye muhogo. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila. Majani yanaweza kuonekana hayana shida, shina limesimama, unang'oa, unakata, na ndani unakuta madoa makavu ya kahawia kama kizibo. Hata mbuzi anausogeza pembeni. Wakulima wa kusini wanajua kwamba aina iitwayo Albert huoza kwa ugonjwa huu, na nyingine iitwayo Namikonga husimama. Walioweka aina mbili tatu walikula. Waliopanda Albert tupu walinunua unga.

Namikonga yenyewe ina siri. Tumeizoea kama muhogo wa kienyeji, wa mababu. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ni mmoja na muhogo uitwao Kaleso pwani ya Kenya, na nasaba yake inapelekwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, Usambara. Huko, kuanzia miaka ya 1930, watafiti walichanganya muhogo na mpira, ule mti ambao majani yake tunayala kama kisamvu cha mpira. Ugonjwa wenyewe uliandikwa kwa mara ya kwanza hukohuko Amani, mwaka 1936. Kituo kilifunga kazi hiyo miaka ya 1950, lakini pingili zilikwisha kutoka, zikapita mkono kwa mkono, zikapewa majina, zikawa za kienyeji. Watafiti waliochanganya walistaafu wakafa. Wakulima ndio walioihifadhi kazi yao kwa kuipanda.

Ndiyo maana sioni ukuta kati ya mbegu ya mtafiti na mbegu ya bibi. Mbegu ikikaa shambani kwako miaka 20 ukiichagua, imeshakuwa mwenyeji.

7. Ni kweli robo tatu ya aina za mazao duniani zimepotea?

Takwimu ya asilimia 75 imekuwa ikitajwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu miaka ya 1990 na inanukuliwa kila mahali. Nadhani inatumika kwa ujasiri kupita uzito wake, kwa sababu hakuna aliyehesabu aina zote mwanzoni. Kuna hesabu iliyo imara zaidi: FAO ilionyesha 2019 kwamba katika aina zipatazo 6,000 za mimea iliyowahi kulimwa kwa chakula, 9 tu ndizo zinazotoa theluthi mbili ya mavuno yote ya dunia.

Ukitaka kuona upotevu kwa macho huhitaji takwimu. Mwombe mtu mwenye miaka 70 akutajie majina ya mtama aliokuwa akiulinda na ndege utotoni. Kisha mwombe mjukuu wake.

8. Miche ya korosho ya kubebeshwa inapunguza aina?

Inaweza. Mkorosho uliotoka kwenye mbegu haufanani na mama yake, maana maua yake hupokea chavua kutoka miti mingine. Ukipanda korosho 10 unapata mikorosho 10 tofauti: mmoja unazaa sana, mmoja punje kubwa, mmoja kivuli tu. Kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti uliochaguliwa na kubebeshwa juu ya mche mwingine, kinamrudia mama kabisa. Ndiyo faida yake, na ndiyo hatari yake kama shamba zima ni mama mmoja.

Tulikwisha kuona korosho zikianguka. Msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani zipatazo 145,000. Katikati ya miaka ya 1980 hazikufika 20,000. Kuhamishiwa vijijini kuliwaacha watu mbali na mikorosho yao, bei zilikatisha tamaa, na ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, ukaja kumalizia. Salfa iliokoa, lakini na uchaguzi wa miti uliokoa: kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilitafuta mikorosho iliyoonekana kustahimili na kuzaa, na vikonyo vyake ndivyo vinavyobebeshwa leo.

Panda ya kubebeshwa, ila changanya mama wasiopungua wanne watano, na usikate mkorosho mkongwe unaozaa bila kupigwa salfa kwa sababu tu umekaa nje ya mstari. Huo mwite mtu wa Naliendele auone kwanza.

## Kuhifadhi nyumbani

9. Mbegu ikauke kiasi gani?

Kuliko unavyodhani. Mama yangu alikuwa anaweka kunde kati ya meno ya nyuma, anabana, anasikiliza. "Mwanangu, mbegu ikikubali jino haijakauka." Iliyokauka inavunjika kwa mlio, haibonyei.

Sikumsikiliza. Mwaka mmoja niliziweka kunde zake, nyekundu zenye jicho jeusi, kwenye chupa ya maji siku mbili tu baada ya kuzipura, nikafunga kizibo kwa nguvu nikijiona wa kisasa. Mwezi uliofuata chupa ilikuwa na jasho kwa ndani na harufu ya pombe. Aina ile nilikuja kuipata tena kwa shangazi yangu, tena kikombe nusu na maneno mengi.

Kama huyaamini meno, tumia chumvi. Kausha chumvi laini juani au kikaangoni, ipoe, weka vijiko viwili vitatu kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na konzi ya mbegu, funga, tikisa, acha dakika 10 au 15. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mbegu bado ina maji. Ikishuka yote chini, imefikia ukavu wa kuanzia, na ukizipa siku mbili zaidi za upepo na kivuli hujapoteza kitu. Wataalamu wana kanuni: kila unapopunguza asilimia 1 ya unyevu kwenye mbegu, umri wake unakaribia kuongezeka mara mbili. Anika asubuhi, toa juani saa za mchana mkali, na usianike juu ya bati.

10. Nizitunze wapi?

Penye giza, pakavu na pa baridi kidogo. Kuning'iniza mahindi ya mbegu juu ya meko ni akili nzuri, maana moshi unakausha na kufukuza wadudu, ila yasiwe karibu na moto kiasi cha kuiva. Kibuyu kilichozibwa kwa nta au udongo kinafaa, na chupa au dumu vinafaa zaidi mradi umemaliza swali la 9. Chombo kijae. Hewa inayobaki juu ndiyo wanayopumua fukusi. Karanga na njugu mawe zitunze na maganda yake, ubangue siku ya kupanda.

11. Dawa ya wadudu bila kemikali?

Majivu makavu yaliyochekechwa, yajae nafasi zote kati ya punje. Wengine huongeza majani makavu ya mwarobaini. Kwa kunde na mbaazi, mafuta ya kula kidogo sana, mbegu zing'ae tu, yanazuia mayai ya wadudu yasianguliwe. Kwa dumuzi majivu peke yake hayatoshi: pukuchua mahindi, usiyahifadhi kwenye magunzi.

12. Nitajuaje kama bado zina uhai?

Hesabu mbegu 100, au 50 kama ni chache. Zipange kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, weka kwenye sahani, nyunyizia. Baada ya siku 7 hesabu zilizoota. Zikifika 85 katika 100 panda kama kawaida. Zikiwa 60 ongeza mbegu kwenye shimo. Chini ya nusu, nenda swali la 23.

13. Jirani kapanda mahindi ya dukani. Yangu yataharibika?

Yatachanganyika, maana chavua ya mahindi husafiri na upepo. Mita 200 za umbali zinapunguza sana. Huna mita 200? Panda ili yenu yasitoe mbelewele wiki moja: tofautisha wiki tatu au nne, ingawa kwa mvua zetu za msimu mmoja hiyo ni bahati nasibu. Njia rahisi ni kuchukua mbegu katikati ya shamba na kuacha mistari ya pembeni iliwe. Chukua magunzi kutoka mimea mingi, 50 na kuendelea. Ukichagua mawili matatu makubwa kuliko yote kila mwaka, baada ya misimu kadhaa mahindi yatadhoofika kwa kuoana ndugu.

Kunde, karanga, njugu mawe na mpunga hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hazina tabu hiyo. Mtama uko katikati. Mbaazi zina siri na nyuki: zinaonekana tulivu, lakini huchanganyika kuliko watu wanavyofikiri.

Chagua mmea ukiwa bado umesimama shambani, ufunge kitambaa. Mbegu iliyochaguliwa kwenye ungo imechaguliwa kwa uso tu. Hujui mama yake alikuwa na mazao mengi au alikuwa na hilo moja.

14. Muhogo hauna mbegu. Nauhifadhije?

Unazo, ni vile hatuzipandi. Muhogo ukichanua hutoa vitumba vyenye mbegu tatu, na kila mbegu ni mtoto asiyefanana na mama. Muhogo unaojiotea wenyewe pembeni mwa shamba unaweza kuwa aina mpya kabisa. Kabla ya kuung'oa kwa jembe, uache ukomae uonje, ila kwa hadhari: aina chungu ina sumu, iloweke na kuikausha kama kawaida kwanza.

Aina uliyonayo inahifadhiwa kwa pingili, maana yake ni kwamba lazima iwe hai shambani kila mwaka. Weka alama kwenye mashina yasiyo na batobato (ugonjwa wa majani yenye mabaka na kujikunja), na siku ya kuvuna kata mizizi yake uangalie kama kuna kahawia. Shina ambalo mizizi yake ina doa usilichukulie pingili, hata likiwa zuri namna gani. Pingili iwe na macho 5 hadi 7. Mvua ikichelewa, simamisha mashina kivulini, vichwa juu, chini yamegusa udongo. Na mgawie jirani. Huo ndio usalama pekee wa muhogo: ng'ombe wakiingia kwako, aina inabaki kwake.

15. Mahindi chotara naweza kurudishia?

Yataota, lakini yatakuwa mchanganyiko: mengine marefu, mengine mafupi, mavuno yakishuka. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili waliotofautishwa makusudi, na nguvu yake ni ya kizazi kile tu. Si sawa na mbegu iliyobadilishwa vinasaba maabara. Hayo ni mambo mawili tofauti na watu huyaita jina moja.

## Benki za mbegu

16. Benki ya mbegu ni kitu gani, na ya karibu iko wapi?

Ni chumba cha baridi chenye mbegu zilizokaushwa, kila pakiti na kumbukumbu yake: ilichukuliwa wapi, lini, mkulima aliiitaje. Benki ya taifa ya nasaba za mimea iko Arusha, chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Nchi za SADC zina kituo chao cha pamoja karibu na Lusaka, Zambia. Kusini hapa, kituo cha Naliendele cha TARI, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kinashughulika na korosho na mbegu za mafuta, karanga na ufuta zikiwemo. Ukiona karanga iitwayo Masasi 2009, Mangaka 2009 au Nachingwea 2009, imetoka pale.

Nje ya nchi, mkusanyo mkubwa wa kunde na njugu mawe uko IITA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, Ibadan, Nigeria. Wa muhogo uko Colombia, karibu na kitovu chake. Karanga, mtama, ulezi na mbaazi ziko ICRISAT, kituo kingine cha namna hiyo, India.

17. Ile ya Norway kwenye barafu: wametuchukulia mbegu zetu?

Hapana, japo swali hili huja kila mkutano na huwa lina hasira. Hifadhi ya Svalbard ilifunguliwa Februari 2008 ndani ya mlima, nyuzi 18 chini ya sifuri, na ina zaidi ya sampuli milioni 1. Inafanya kazi kama sanduku la mtu benki: aliyeweka ndiye pekee anayeweza kutoa. Norway haifungui.

Iliwahi kutumika kweli. ICARDA, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha nchi kavu, kilikuwa karibu na Aleppo, Syria. Vita vilipokifanya kisiendeke, mwaka 2015 kiliomba mbegu zake kutoka Svalbard, kikazipanda Morocco na Lebanon, na 2017 kikaanza kurudisha nakala. Bila ile akiba, ngano na dengu za Mashariki ya Kati zilizokusanywa kwa miaka mingi zingekuwa mashakani.

Lakini friji halifundishi mbegu kitu. Kunde iliyogandishwa 2008 haijaonja mvua za 2024 wala mdudu aliyefika mwaka jana. Ya shambani imeonja. Friji ni akiba ya shamba, na shamba likifa akiba hiyo itabaki pakiti zenye majina ambayo hakuna anayejua kuzipika.

18. Ni mazao gani hayakubali friji?

Nazi, embe, fenesi, parachichi: mbegu zake zikikaushwa zinakufa. Hayo yanahifadhiwa yakiwa miti. Muhogo, ndizi na viazi vitamu vinatunzwa kama vichipukizi kwenye chupa za maabara. Ukikata mwembe wa pekee kijijini, hakuna benki itakayoukumbuka.

## Sheria, watafiti na mengine

19. Nikimgawia au kumuuzia jirani mbegu yangu nitakamatwa?

Kugawiana na kubadilishana mbegu zako za kula na kupanda ndivyo vijiji vinavyoishi. Biashara ndiyo yenye sheria: Sheria ya Mbegu ya 2003 inataka mbegu inayouzwa ithibitishwe na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu. Kwa vikundi vya wakulima kuna mlango mwembamba, mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo mnazalisha aina iliyosajiliwa, mnakaguliwa kwa gharama ndogo, na kuuza ndani ya eneo lenu. Ugumu ni kwamba aina ya bibi haijasajiliwa, kwa hiyo haipiti mlango huo. Hapo naona sheria imemsahau bibi.

20. Na hizi aina zenye mwenyewe?

Tangu Tanzania ijiunge na UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 2015, anayezalisha aina mpya anaweza kuisajili na kulindwa. Haki hiyo haigusi aina uliyokuwa nayo tangu zamani. Ukinunua mbegu yenye haki, usiizalishe kwa ajili ya kuuza bila ruhusa ya mwenye haki hiyo.

21. Amekuja mtu anataka mbegu zangu kwa utafiti. Nimpe?

Muulize ametoka taasisi gani, ana barua ya halmashauri, mbegu zinakwenda wapi. Akijibu bila kubabaika, mpe kidogo na ubaki na nyingi, mwambie jina la aina na unavyoipika, na udai kumbukumbu iandikwe kijiji chako. Nchi yetu imo katika mkataba wa kimataifa wa nasaba za mimea ya chakula, ulioanza kufanya kazi 2004 na kuweka mazao kadhaa, muhogo, mtama, kunde na mbaazi yakiwemo, kwenye utaratibu wa pamoja wa kupeana. Karanga haimo kwenye orodha hiyo. Nchi zilipokaa kukubaliana iliachwa nje.

Niliwahi kutoa njugu mawe za rangi nne kwa mgeni mmoja mwenye gari zuri. Sikupata hata ujumbe. Siku hizi naandika namba ya gari.

22. Ming'oko nayo ihifadhiwe? Si ya porini tu?

Hasa kwa sababu ni ya porini. Ming'oko ni jamaa ya viazi vikuu, jina lake la kitaalamu ni Dioscorea hirtiflora. Kusini mwa Zambia wanaichimba pia na kuiita lusala. Huku inachimbwa kiangazi, inachemshwa na chumvi, na kwenye stendi inauzwa kwa mafungu. Unabana kwa vidole, nyama inachomoka, ganda linabaki mkononi.

Pori likifyekwa kwa mikorosho na ufuta, ming'oko inasogea mbali na anayeichimba anatembea zaidi. Ukichimba, usiondoke na kichwa cha mzizi pale kinapoungana na kamba: kirudishe shimoni, fukia, weka majani. Jaribu pia kuipanda kwenye uzio wa nyumba, mahali penye mti wa kupandia.

Jamaa wa porini wana kazi kubwa kuliko wanavyoonekana. Mpunga mwitu wa Afrika, ambao mkulima anaung'oa kama gugu, ndio uliotoa kinga ya mnyauko wa bakteria ambayo sasa imo kwenye aina kadhaa za mpunga duniani.

23. Nimekuta mbegu za marehemu bibi kwenye kibuyu, zina miaka sita. Zinaota chache au hazioti. Nifanyeje?

Usizimwage zote shambani kusubiri mvua. Gawa mafungu matatu na ulifanyie kazi moja kwanza. Mawili yarudi kwenye chombo kikavu. Mbegu kongwe hushtuka zikipata maji ghafla, kwa hiyo ziweke usiku mmoja juu ya kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kuziotesha. Otesha kwenye mchanga safi, kivulini, mwagilia kwa kunyunyizia. Subiri siku 20, maana kongwe huchelewa. Zinazoota zihamishie mahali penye ulinzi dhidi ya kuku, si shamba la mbali.

Fungu la kwanza likikataa kabisa, peleka la pili Naliendele au Arusha (swali la 16) kabla ya kujaribu la tatu. Na waulize shangazi na majirani wa bibi. Mara nyingi alikuwa amewagawia.

Zikiota tatu, msimu wa kwanza utavuna labda kikombe kimoja cha njugu. Usizichemshe.